Mkono wa Mwenye Itongo

Miche haikuibiwa. Hilo ndilo lililomchanganya Veneranda. Wizi angeuelewa, na mbuzi angewaelewa zaidi. Lakini miche ilikuwa imepangwa mbele ya mlango wa ofisi ya kijiji cha Nyakibare, kumi kumi, kama watoto wa shule wanaosubiri kukaguliwa kucha. Kila mche uling'olewa na bonge la udongo wake, ukaviringishiwa jani la mgomba, ukafungwa kwa ugwe. Juu ya miche zilitandazwa nyasi ili jua lisiipige. Tena kuna mtu aliyeimwagilia asubuhi ile ile, maana udongo ulikuwa bado unachuruzika maji.

Aliweka mkoba wake chini akaihesabu. Mia tano tisini na sita. Majuma mawili nyuma ilikuwa imepandwa mlimani, mia sita kamili, kwa ngoma na hotuba.

"Minne ililiwa na mbuzi," alisema Ndugu Hamdani, mwenyekiti wa kijiji, kama mtu anayeomba radhi kwa niaba ya mbuzi.

"Na hii iliyobaki?"

"Hii imerudishwa, Mama Rozalia."

"Imerudishwa kwa nani?"

"Kwako."

"Na nani?"

Hamdani akatazama ziwa. Akatazama mlima. Akakohoa. "Na wenyewe," akasema.

Nyuma yao mlango wa Land Rover ulifungwa kwa kishindo. Ndugu Feliksi, ofisa maliasili wa mkoa, alikuja hadi penye safu ya kwanza, akasukuma mche mmoja kwa ncha ya kiatu.

"Hii ni hujuma," alisema.

"Hujuma gani inayomwagilia maji?" Veneranda alimuuliza. "Na toa kiatu chako hapo, utauvunja."

Huyu Veneranda alikuwa Bibi Maendeleo wa mkoa. Alikuwa na stashahada ya maendeleo ya jamii, watoto wanne, wa kwanza Rozalia, mume anayefanya kazi reli, na nyumba ya kupanga Mwanga, mjini, ambayo ilijiendesha yenyewe siku anazokuwa safarini, au ndivyo alivyopenda kuamini. Hakuwa mtu wa kubembeleza. Majirani zake walisema Mama Rozalia akikuambia pole, ujue umeshakufa.

Kazi ya Nyakibare aliiomba kwa kinywa chake mwenyewe. Mwaka uliotangulia, watu waliokuwa wakikaa mmoja mmoja mlimani waliteremka kuanzisha kijiji cha ujamaa kando ya ziwa, jirani na wavuvi ambao baba zao walivuka kutoka ng'ambo, Kongo. Nyumba mia na kitu zilitaka nguzo, na nguzo hazivuliwi ziwani. Mlima ukanyolewa. Mvua ya kwanza iliponyesha, matope yalishuka na kutandaa juu ya mwalo, pale wanawake wanapoanika dagaa. Mvua ya pili vilevile. Na dagaa wa matope hana mnunuzi hata ukimwapia kwa mama yako.

Kamati ya Maendeleo ya Mkoa ilipokaa, Feliksi alitaka mlima upigwe marufuku, basi. Veneranda alisimama. "Marufuku haioti mizizi," alisema. "Niachieni mimi. Tutapanda na wananchi." Wakamwachia, lakini kwa sharti: Kamati yenyewe ingekuja kuikagua kazi hiyo Jumamosi ya mwisho ya Januari.

"Leo tarehe ngapi?" Feliksi alimuuliza sasa.

"Kumi na tano Desemba."

"Basi nisikilize. Siku ya Kamati ikikuta mlima uko hivi, naufunga. Kulima marufuku, kuni marufuku, na hawa wa dagaa watahamishiwa mwalo mwingine kabla hawajazikwa na matope. Na usiniambie sikukuambia."

"Hujawahi kuacha kuniambia, Ndugu Feliksi."

Land Rover ikarudi mjini. Veneranda akabaki. Baada ya siku mbili kungekuwa na mtumbwi wa injini wa kwenda Kibirizi, bandari ya mjini, na mtu hawezi kuuliza swali la maana huku dereva anapiga honi.

Alianzia kwa waliopanda. Kule mwaloni wanawake walikuwa wameinama, wengine wakigeuza dagaa, wengine wakikwangua matope makavu kwa majembe. Mkubwa wao alikuwa Marsiana, mama wa makamo, mwenye mabega ya kuvuta nyavu na ulimi usio na breki.

"Mama Rozalia, umetuponza!" alimpokea kwa mbali.

"Nimewaponza nini? Nimewaletea miti."

"Hiyo hiyo miti! Tumepanda kwa mikono yetu hii, tena kwa kuimba. Tangu siku ile wanawake wa mlimani hawatuamkii. Nikienda kisimani wananipisha kama nimebeba ndui. Jana kuna mmoja ameniuliza, kwa upole kabisa, 'Na nyumba mtajenga lini?' Nyumba gani? Mimi nina nyumba! Bati sina, lakini nyumba ninayo!"

Wenzake wakacheka. Veneranda hakucheka. Alisimama na mkono kiunoni, akilirudia lile swali kichwani. Na nyumba mtajenga lini.

Yeye alikuwa Muha wa Kasulu, kabla hajawa mtu wa Mwanga, kabla hajawa na stashahada. Alipokuwa msichana mdogo, baba yake mdogo alichomeka kipande cha mvumu pembeni mwa shamba la bibi. Mvumu ni mti ambao Waha huzungushia boma. Ukikuta mivumu porini, ujue hapo palikuwa kwa mtu. Bibi hakupiga kelele. Alikichimbua kile kipande pamoja na udongo wake, akakibeba kichwani, akakitua mlangoni kwa baba mdogo, akarudi kupika. Hakuna aliyesema neno, na kesi ikawa imekwisha. Maana kupanda mti katika itongo la mtu, yaani pale alipoishi na walipolala watu wake, ni kusema: hapa sasa ni pangu. Na kuurudisha na udongo wake ni kujibu: hapana, na sijala kitu chako.

Siku ya kupanda, watu wa mlimani walikuwa wamekuja kwenye ngoma, lakini jembe hawakushika. Walisimama pembeni wakiwatazama wanawake wa mwaloni wakipanda. Veneranda aliandika katika taarifa yake: *mwitikio mdogo*. Mwitikio mdogo! Watu walikuwa wanatazama matongo yao yakichukuliwa mchana kweupe, kwa ngoma ya serikali.

Alijipiga kofi kwenye paji la uso. "Mimi mpumbavu kweli."

"Sikukatalii," alisema Marsiana, akaendelea kukwangua.

*

Safu ya kwanza ya miche ilikuwa imeanzia kwenye itongo la Bibi Eufrasia, mjane wa miaka sabini na ushei, ambaye sasa alikaa nyumba ya tatu, mstari wa pili, kijijini. Veneranda alimkuta asubuhi yake akipukuchua maharage mlangoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja kuchukua miti yako?"

"Nimekuja kuomba radhi."

"Kwa Kiswahili?"

Veneranda akarudia kwa Kiha, maneno yote, taratibu, kama alivyofundishwa kwao. Mikono ya bibi ikatulia juu ya ungo.

"Kumbe wewe ni mtu wetu!" Akamtazama toka viatu hadi kilemba. "Basi ndiyo vibaya zaidi. Mgeni hajui, husamehewa. Wewe ulijua ukasahau."

"Nilikwenda shule, bibi."

"Nimesikia huwa inaleta hayo."

Veneranda akavuta kigoda, hakungoja kukaribishwa, akachota maharage akaanza kupukuchua. Kisha bibi akaanza mwenyewe. Aliambiwa ateremke, akateremka. Alikuja na mikeka, vyungu, kuku na mbuzi. Lakini itongo halikuteremka, na mume wake hakuteremka. Yuko kule kule, chini ya mivumu yake. "Nimelala, nimeamka, naambiwa watu wa dagaa wamempandia miti mzee kuanzia kichwani mpaka miguuni. Kama mtu asiye na wenyewe!"

"Ndipo ukaing'oa."

"Peke yangu? Mgongo huu? Tulikuwa nyumba kumi na saba, mwanangu. Sisi wote wenye matongo. Tena tuliing'oa vizuri. Hata mmoja haukukatika mzizi."

"Nimeona. Mmeifunga kuliko tulivyoifunga sisi." Veneranda akaweka ungo chini. Haikuwa tabia yake kuzunguka mbuyu. "Bibi, nisikilize. Mlima usipopata miti kabla ya mwisho wa Januari, unafungwa. Hutalima kule, hutaokota ukuni kule, na hao wa mwaloni watahamishwa. Mzee atabaki na askari wa misitu. Sasa niambie: je, ukiipanda wewe?"

"Mimi nipande miti mia sita?"

"Mko nyumba kumi na saba. Gawanya."

Bibi akagawanya kimya kimya, kwa vidole. "Mashimo nani atachimba?"

"Mashimo yana ubaya?"

"Shimo halina neno. Hata nguruwe huchimba shimo. Maji nayo hayana neno. Kufukia, kushindilia udongo, hayo ni msaada tu, kila mtu husaidiwa." Akainua mkono wake wa kuume, uliokunjamana, uliojaa vumbi la maharage. "Mkono unaoingiza mti shimoni, huo ndio mwenye mti."

"Basi watu wa dagaa watachimba, watabeba, watashindilia. Mti mtaingiza ninyi."

"Na waje waombe kwanza. Kama watu. Siyo kwa ngoma."

"Watakuja."

"Na kule korongoni, matope yanakopita, hiyo miti yako ya majani laini haitafaa. Tutachomeka mivumu. Mvumu hata ukiuchomeka kichwa chini unaota."

"Miti ya mkoa ni mijohoro, bibi. Ndiyo iliyoandikwa."

"Basi andika tena. Si ulikwenda shule?"

Kule mwaloni Marsiana ndiye aliyekuwa mgumu. "Yaani nibebe maji, nichimbe shimo, nishindilie, halafu mti uwe wa yule bibi?"

"Mti wake, mwalo wako. Ama wewe unataka kuanika dagaa juu ya mti?"

Marsiana akacheka mpaka akajifuta macho. "Una roho mbaya wewe, Mama Rozalia. Haya, tukaombe."

Walikwenda jioni ile, wanawake tisa, na kapu la dagaa wa juu kabisa, wale weupe wasioona mchanga. Hawakuimba. Walikaa chini kwa Bibi Eufrasia, Marsiana akasema walilokuja kusema, na kwa mara ya kwanza tangu kijiji kianze, mtu wa mwaloni akala maharage katika nyumba ya mtu wa mlimani. Hamdani naye alikuja kushuhudia kama mwenyekiti, akashuhudia sahani tatu.

*

Wakapanda juma la kwanza la Januari. Mvua ilikuwa ya manyunyu, udongo mlaini. Wanawake wa mwaloni walichimba na kubeba. Wenye matongo walikwenda shimo hadi shimo, kila mmoja kwake, wakiingiza miche. Wengine waliinong'oneza kitu kabla ya kuiachia. Bibi Eufrasia alipandishwa mlima na wajukuu wawili, akiwakemea njia nzima. Kati ya safu na safu Veneranda aliwafanya wote wachimbe makinga maji na kupanda majani ya tembo juu ya matuta. Kwa hilo hakubembeleza mtu. "Mche wa mwezi mmoja hauzuii hata mkojo wa mbuzi," aliwaambia. "Chimba!"

Na mbuzi walifungwa. Hilo alilisimamia mwenyewe, kamba kwa kamba.

Jumamosi ya Kamati walikuja wageni saba, na mpiga picha mmoja aliyevaa viatu visivyofaa. Feliksi alikuwa amekwisha kuongea na watu tangu alfajiri, na uso wake haukupendeza. Alimvuta Veneranda pembeni.

"Nasikia umewagawia watu matongo yao. Tumewateremsha juzi tu, wewe unawarudisha?"

"Nyumba hata moja haijarudi. Nimerudisha miti."

"Kila mti una mwenyewe!"

"Ndiyo. Ndiyo maana uko wima."

Msafara ulikuwa umeanza kupanda. Wageni walikwenda juu polepole, wakihema, wakikagua safu baada ya safu. Mkuu wa msafara, mtu mnene mwenye fimbo ya heshima, aliuliza mawili matatu na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Walipofika kwenye itongo la Bibi Eufrasia, shimo lilikuwa tayari kwa mti wa kumbukumbu. Hamdani, kwa adabu zake, alimkabidhi mgeni mche. Mpiga picha akapiga goti. Mkuu wa msafara akainama.

"Baba," ilisema sauti ya bibi, "wewe una itongo hapa?"

Mpiga picha aliishusha kamera. Feliksi alimtazama Veneranda kwa macho makali: mnyamazishe. Ilikuwa rahisi, neno moja la utani, bibi angevutwa pembeni, picha ingepigwa, wageni wangekula wali na kwenda zao. Na usiku huo huo watu wangerudi mlimani na majani ya migomba.

Veneranda akasogea mbele.

"Ndugu mkuu wa msafara," alisema, "hapa mti huingizwa na mwenye itongo. Mgeni hushindilia udongo. Mara ya kwanza sikufanya hivyo, na miche ilirudi mlangoni pa ofisi. Kosa lilikuwa langu, na kwenye taarifa nimeliandika. Hii unayoiona imesimama kwa sababu hiyo tu."

Yule mtu akautazama mche mkononi mwake. "Na nikiuingiza mimi?" akamuuliza bibi.

"Utaukuta Jumatatu mlangoni kwako," alisema Bibi Eufrasia. "Na maji nitakuwa nimeumwagilia."

Mmoja wa wageni alikohoa kuficha kicheko, akashindwa. Kicheko kikaenda kikishika mtu mmoja mmoja, mpaka kikamfikia mwenyewe. Mkuu wa msafara akamkabidhi bibi ule mche kwa mikono miwili, akaegemeza fimbo yake kwenye mvumu, akapiga magoti na suruali yake ya safari. Bibi akauingiza mti. Mgeni akafukia, akashindilia kwa viganja, akaomba maji. Marsiana akampa kopo.

"Kwa hiyo miti hii ni ya nani?" mgeni aliuliza akijipangusa magoti.

"Ya wenye matongo," alijibu Veneranda.

"Na sisi mkoa tumepata nini?"

"Mlima ambao hautaki askari."

Mkuu wa msafara akamgeukia Feliksi. "Andika hivyo. Na msimu ujao waongezewe mia sita."

Feliksi akaandika. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa karatasi, na sasa karatasi ilikuwa imesema.

*

Mvua kubwa ilikuja Machi, siku tatu mfululizo. Ya nne Veneranda alishuka kutoka kwenye mtumbwi wa injini, koti limelowa, akaenda moja kwa moja mwaloni. Marsiana alimwonyesha mchanga kwa jembe. Matope yalikuwapo, pale mwisho wa korongo, kiasi cha karai mbili.

"Karai mbili!" Marsiana alipiga vigelegele. "Mwaka jana tulizika mtumbwi! Miti yako hiyo, Mama Rozalia!"

"Miti bado inanyonya. Ni makinga maji na majani ya tembo. Miti utaishukuru baada ya miaka mitano."

"Huwezi kufurahi hata siku moja?"

"Nimefurahi. Hii ndiyo sura yangu."

Na kweli alikuwa amefurahi, mpaka viatu vilivyojaa maji havikumsumbua. Alipita kwa Bibi Eufrasia kuaga. Alimkuta na fungu la vipande vya mvumu, vinne, vilivyokatwa sawasawa na kuviringishiwa jani la mgomba.

"Chukua. Badala ya ile minne iliyoliwa."

"Iliyoliwa na mbuzi, bibi. Huna haja."

"Mbuzi walikuwa wangu," alisema bibi, na kurudi kwenye maharage yake.

Veneranda aliingia Mwanga jioni na vile vipande begani. Rozalia, binti yake mkubwa, alikuwa amekwisha kuosha vyombo, na wadogo zake walikimbilia nyuma ya nyumba kuchimba shimo hata kabla hajavua koti. Mahali palifaa kabisa, kando ya bafu, maji hayakosekani. Aliinama, kipande cha kwanza mkononi. Kisha akasimama.

Nyumba ilikuwa ya kupanga.

Akajifuta mikono, akavuka uwanja, akagonga kwa mwenye nyumba. Mzee alitoka na radio yake ya mkononi, akidhani ni habari ya paa linalovuja.

"Njoo uingize mti," Veneranda alimwambia. "Mimi nitashindilia."